Namba ya Rodrigue

Lundi, 10 mars 2014
Nimeanza kufunga Chanjo ikuwe paquet ya kweli ya Linux! Ni programme ya Rodrigue, mwenzangu wa bureau hapa Nyakasanza: inaonyesha watoto wenye bado kuchanjwa. Rodrigue alienda Djugu kuangalia ng'ombe za baba yake. Ni mwezi wa tano sasa tangu aende, hakuna habari. Aliacha version 0.7. Format ya paquet? Natif ao non-natif: nimechagua natif. Namba moja tu, basi. Rahisi.

Mercredi, 12 mars
Nilisahau kapicha ka programme ku menu. Nimekaweka. Natif ikataka namba mupya — nikaandika 0.8, bila kufikiri. Motari wa pikipiki amepeleka clé USB yenye Chanjo Komanda, kwa Alphonsine, muke ya Rodrigue. Yeye ni infirmière kule, anatumia Chanjo kila siku.

Jeudi, 13 mars
Alphonsine kapiga simu. Analia, anacheka! Ati Rodrigue amerudi? Ati ni yeye tu anapandishaka namba! Nikamwambia ukweli: ni mi, kapicha tu. Kisha akasema: "Denise, bashemeji, ndugu za Rodrigue, banataka tufanye matanga yake. Asubuhi nimewaonyesha 0.8. Wameacha habari ya matanga."
Aibu gani hii!

Vendredi, 14 mars
Nimesoma tena maelezo ya paquet, pole pole. Kumbe non-natif njo ya mutu anayefunga kazi ya mwengine! Archive ya mwenyewe, mafaili yake, inabakia vile aliiacha. Kazi yangu inakaa pembeni, na kanamba kake nyuma ya kistari: 0.7-1. Nikikosea, 0.7-2. Ile 0.7 hakuna anayeigusa. Nimeipenda! Mbona lundi sikujiuliza hii kazi ni ya nani?
Lakini shida: mashini ya Komanda haikubali yenyewe kushuka kutoka 0.8 kwenda 0.7-1. Lazima niende kuilazimisha.

Samedi, 15 mars
Komanda. Njiani askari walitusimamisha, mi na motari, mara mbili, hakuna neno.
Nimemweleza Alphonsine yote. 0.7-1 ni ukweli, 0.8 ni kosa yangu. Akaitika, akanivutia kiti. Nikaandika amri ya kushusha namba. Hapo akanishika mukono.
"Najua ni kapicha. Lakini bashemeji bako njiani, banakuya leo kuona tena ile 0.8."
Nikaondoa vidole ku clavier. Mama mumoja akaita, mutoto analia, zamu yake ya sindano. Alphonsine akasimama. "Usibonyeze kabla sijarudi."
Nangoja, naandika. Inje, pikipiki mbili zimesimama. Sauti za wanaume, banauliza muke ya Rodrigue iko wapi.
Ku écran 0.8 ingali, na swali linangoja oui ao non: Kuendelea? O/n.