Selule Zimebadilika

Nyamianda, 9 Februari 2024

Noella mwanangu,

Habari za Kalemie? Wajukuu wanakula vizuri? Sisi hapa ni wazima, ila uchovu haunitoki. Tangu vita vitutoe Kiringye, naamka kama mtu ambaye hakulala.

Wamama wa kanisa walitupeleka kupimwa mlango wa kizazi. Wauguzi walinipitisha brashi ndogo huko ndani, wakapaka kwenye kioo, wakakipeleka Bukavu. Majibu yamerudi. Muuguzi Josée, mtoto wa haraka haraka, akasema: "Mama Pétronille, selule zako zimebadilika, utarudia hapa." Nikamjibu: "Ndiyo, tulihama, sasa mtaa wetu ni selule ya huku Nyamianda." Akaandika, akaita mwingine. Basi hayo yameisha. Kurudi huko kwa ajili ya anwani tu, miguu hiyo sina.

Baba yako Ildephonse anakusalimu.

Mama yako


Kalemie, 14 Mei 2024

Mama mpenzi,

Nakusalimu sana. Mgongo unaendeleaje? Watoto hawajambo, Vainqueur ameota meno. Barua yako imenifikia jana tu; Consolée aliyeileta alikwama nayo mjini Baraka. Nimecheka, halafu nikalia.

Mama, selule alizosema Josée si za mtaa. Ni vile vipande vidogo sana vinavyojenga mwili, Wafaransa wamevipa jina hilo hilo. Vyako vimebadilika pale kwenye mlango wa kizazi, na ukichelewa inaweza kuwa kansa. Acha kila kitu, rudi kwa Josée. Nakuomba.

Binti yako


Nyamianda, 2 Juni 2024

Noella,

Salamu kwa wote. Nimerudi. Josée alinishika mikono, akaomba msamaha. Akanionyesha picha: selule nzuri, na zilizo kama zangu. Zangu kiini kimejikunja na kimezungukwa na weupe, kama yai lililokaangwa vibaya. Anasema weupe huo ni alama ya virusi vya papiloma. Si SIDA, yaani ukimwi, na kansa bado. Lakini vinaambukizwa kwa kulala pamoja.

Hapo ndipo shida. Baba yako alisema: "Weye uliipata kwa nani? Minye siko mugonjwa." Hataki niende kuchomwa hapo mahali kwa kifaa cha moto, selule mbaya zife. Eti nikitibiwa nitakuwa nimekubali kosa. Mwanangu, sijawahi kumjua mwanaume mwingine. Nimechoka hata kukasirika.

Mama yako


Kalemie, 11 Juni 2024

Mama,

Leo salamu ni fupi. Nimeuliza daktari wa huku. Virusi hivyo vinaweza kulala mwilini miaka mingi bila dalili, kwa mwanaume pia. Hakuna anayeweza kujua vilitoka kwa nani wala lini. Mwambie baba hivyo. Akikataa, nenda bila yeye. Nakutaka hai.

Binti yako


Nyamianda, 30 Juni 2024

Noella mwanangu,

Hujambo? Mimi nasogea. Nilimwambia baba yako yote. Nilipofika kwenye miaka mingi, akauliza: "Ngapi?" Nikasema hata kumi, hata zaidi. Miaka hiyo yeye alikuwa Kamituga anachimba dhahabu, anarudi Noeli tu. Nilifunga kitenge nikaenda.

Wamenichoma. Iliuma kidogo. Mwakani watanipima tena. Josée amekataza mizigo, na mume asinikaribie kwa wiki kadhaa. Baba yako amekubali bila kubisha, yeye anayebishana hata na mvua. Na weye pia wende upimwe.

Najua utataka kujua kama nimemuuliza. Sijamuuliza. Acha kwanza nipone, hasira itanikuta hapa hapa.

Leo asubuhi alibeba bidoni ya maji mwenyewe hadi bombani, majirani wote wakimtazama. Aliporudi akaiweka mbele yangu, akasimama. Sikumshukuru. Maji niliyaoga yote.

Mama yako