Jicho Langu la Kushoto na Jina la Baba Neema

Ijumaa, Kibaha. Joto la kukera tangu asubuhi, umeme umekatika, feni imelala, na mimi sitaki kusemeshwa na mtu.

Niandike tu kabla sijapasuka.

Jicho langu la kushoto limevilia damu. Chini ni zambarau, pembeni limeanza kuwa njano. Jumuiya nzima ya kanisani inaamini mume wangu, Baba Neema, kanipiga. Hajanipiga. Miaka ishirini na sita ya ndoa hajawahi kuninyanyulia mkono. Na mimi nimekaa kimya siku sita, nikamwacha abebe lawama.

Naomba nisihukumiwe kabla sijamaliza. Au nihukumiwe, shauri yenu.

Yote yalianza na mdomo wake. Mwezi uliopita nilimpelekea dawa zake za presha kule kiwandani Zegereni anakofanya kazi. Mlinzi mpya akampigia simu ndani: "Mzee, mama yako anakusubiri getini." Mama yake! Mimi nina miaka arobaini na tisa, yeye hamsini na nne. Sawa, mifuko chini ya macho ninayo, uso umechoka. Nimefundisha darasa la kwanza maisha yangu yote, mlitaka uwe laini? Mlinzi nilimsamehe. Lakini Jumamosi iliyofuata Baba Neema akaisimulia jumuiyani kama kichekesho, baada ya sala, chai ikiwa mkononi. Akaigiza mpaka sauti ya mlinzi. Watu walicheka mpaka Mama Happy, mwenyekiti wetu wa jumuiya, akamwaga chai. Na mimi nikacheka. Nilicheka kwa meno tu.

Basi Jumamosi iliyopita nikamdanganya kwamba nina semina ya walimu, nikaenda Dar kwenye kliniki ya urembo. Dada mmoja mwenye ngozi kama yai akanichoma sindano chini ya macho, za kujaza yale mashimo. Hakuna kisu, hakuna kulazwa, nusu saa umemaliza. Akanipa karatasi ya masharti: usilale kifudifudi, usisugue uso, alama ikitokea itaondoka ndani ya wiki mbili. Alama! Jumapili niliamka jicho limevimba, jeusi tii.

Baba Neema akaniuliza kulikoni. Nikamwambia nimeteleza bafuni.

Hapo ndipo nilipoharibu, maana huku kwetu kila mwanamke aliyepigwa ameteleza bafuni. Nimewasikia kwa masikio yangu, nikawapa pole huku nikijua. Nilikwenda kanisani na miwani ya jua. Saa tisa mchana Mama Happy na wenzake wawili walikuwa sebuleni kwangu na kilo mbili za sukari, nyuso zimekunjwa.

"Mwenzetu, sema tu," Mama Happy akaninong'oneza. "Hapa ni sisi kwa sisi."

Nikainamisha kichwa, nikanyamaza.

Nikiri hapa: nilisikia raha. Walewale walionicheka, leo wananishika mkono na kumlaani yeye. Nikasema moyoni, na yeye aonje kidogo watu wakimjadili. Nilidhani ni ya siku mbili tu. Jumatano wazee wa kanisa wakamwita. Yeye mwenyewe ni mzee wa kanisa, mwaka wa kumi na mbili huu. Wakamwambia apumzike kwanza, asisome neno wala asishike kapu la sadaka mpaka jambo lake lieleweke. Alirudi, akavua viatu, akala ugali wake. Habari nilizipata kwa Mama Happy.

Leo ndiyo kaja Kaka Yohana, kaka yangu mkubwa, kutoka Vihingo kule Kisarawe. Huyu haji kwangu bila muhogo au korosho. Leo kaja mikono mitupu, nikajua ni vita. Nilimpa shikamoo, hakuitikia. Alinishika kidevu, akaligeuza jicho kwenye mwanga, kisha akamgeukia mume wangu.

"Shemeji, kama umemchoka, turudishie. Kwetu nafasi bado ipo. Lakini si kumharibu sura namna hii!"

"Karibu ukae kwanza, shemeji."

"Sikai! Umempiga au hukumpiga?"

Baba Neema akanitazama. Ilikuwa ni kufungua mdomo tu, nimalize. Nikasema, "Nilianguka, kaka," tena macho chini, sauti ndogo, vilevile wanavyosemaga wale wanaopigwa. Kaka akatema mate uani, akaondoka. Hata maji hakunywa.

Baba Neema akaingia chumbani, akatoka na ile karatasi ya kliniki. Akaiweka mezani.

"Niliiona tangu Jumatatu, nilipokuwa natafuta chaja kwenye mkoba wako," akasema. "Nikajua utasema mwenyewe."

Tangu Jumatatu!

Kwa hiyo Jumatano mbele ya wazee alikuwa anajua. Leo anatukanwa na kaka yangu ndani ya nyumba yake, anajua. Nikamuuliza kwa nini hakuitoa.

"Wangekucheka," akasema, akaenda kumwagilia mchicha.

Mungu wangu, nilivyomchukia! Nimemchukia kwa huo wema wake uliochelewa. Ulikuwa wapi mwezi uliopita, chai ikiwa mkononi? Na nimejichukia mimi zaidi, maana wema wa namna hiyo sina. Ningekuwa yeye, karatasi ile ningeisoma kanisani kwenye kipaza sauti.

Na uso wenyewe? Jicho la kulia limependeza kweli. Shimo limejaa, naonekana mtu aliyelala vizuri. Hakuna hata mmoja aliyeliona.

Kesho jumuiya ni zamu ya kwetu. Wataingia saa kumi na mbili na nusu asubuhi, watamkwepa mwenye nyumba, watanikumbatia mimi. Nitafungua mapazia yote. Sivai miwani, sipaki poda. Kaka Yohana nitampigia simu asikilize, na chai ikishakuwa mkononi nitawasomea ile karatasi, sharti kwa sharti. Wacheke mpaka wamwage chai.

Wakimaliza, nitamwomba Baba Neema asimulie tena ile ya mlinzi wa getini. Asimame mbele yangu, aigize na sauti.

Nataka nione kama ataweza.