Dawa ya Dada Zuhura

Mjukuu wangu Salma,

Marahaba, mama. Hapa Temeke hatujambo, na mdogo wako ameota meno. Umeuliza mbona nameza vidonge vya moyo ilhali naviogopa.

Zamani za Mwingereza, moyo wa dada yangu Zuhura ulikuwa ukipapatika ovyo, kama wangu sasa. Hospitali walimpa dawa ya chupa. Nikamwambia, "Dada, hii itausimamisha moyo."

"Basi imwage, mie mwenyewe naiogopa."

Nikaimwaga uani. Mwezi haukuisha, akapooza upande mmoja, na ulimi ukafa. Miaka miwili nilimlisha uji, naye ananitazama tu. Sijui kama dawa ingemfaa, wala sitajua.

Kila asubuhi nameza, na kila mara namwomba radhi.

Bibi yako,
Mwanaidi