Chuo cha Jikoni Alby

Jumapili, 14 Oktoba 1979

Mhadji kapiga simu kutoka Ngazija. Anakuja Jumatatu ya tarehe 22 na maofisa wa serikali kuonana na watu wa misaada wa hapa Uswidi. Chuo chetu hicho! Chuo cha ualimu tulichokichora hapa hapa jikoni kwangu, Alby, mimi na yeye, majira mawili ya baridi, chai inapoa na sisi tunabishana. Kwetu mtoto akimaliza skuli na anataka elimu ya juu, apande ndege. Wengi hawarudi. Basi hesabu nifundishe mimi, sayansi yeye. Ndiyo mapatano.

Nimepika mkate wa kumimina. Nimeula nusu peke yangu, kwa furaha.

Jumatano, 17 Oktoba

Theresia, nesi wa Bukoba anayekaa ghorofa ya juu, kanicheka. Ati nyie Wangazija mna mambo, mtu mpaka aoe ndipo aseme habari za chuo?

Nikamweleza. Kwetu mwanamume asiyefunga ndoa ya ada, ile harusi kubwa ya gharama, hata awe na shahada tatu, bangweni hana kauli. Anakaa na watoto, anasikiliza. Na bangwe, uwanja wa mji, ndiko mambo yanakokatwa. Mwanamke ndiyo kabisa. Kwa hiyo mimi ndiye niliyemwambia Mhadji: nenda kaoe ada, upate ulimi, utusemee. Dhahabu ya bibi harusi ilimpungukia, nikampa bangili za marehemu mama.

 Theresia akauliza kama nilimwapisha. Nimwapishe mtu niliyekua naye mtaa mmoja Unguja?

Jumatatu, 22 Oktoba

Wamefika. Mhadji kavaa joho la ada, koti la baridi juu yake. Kanenepa. Miaka yote ananiita Echa. Leo ananiita "bibie".

Nikamuuliza, chuo? Akasema tutazungumza, bibie. Kesho niende nikamkalimanie. Miaka minne alisoma hapa kwa Kiingereza, Kiswidi chake ni kahawa na asante tu.

Sijala. 

Jumanne, 23 Oktoba

Kikulacho ki nguoni mwako. Leo nimeyaona.

Mezani Waswidi watatu, mmoja wao mama mtu mzima, na michoro yetu ya chuo mbele yao. Mhadji akaisukuma kando kwa vidole viwili. Akaniambia nitafsiri: kisiwa chetu bado kidogo, chuo hakijafika wakati wake, tupeni nafasi za vijana kuja kusoma huku. Wizara yenyewe itachagua vijana.

Nikatafsiri. Neno kwa neno, sauti yangu mwenyewe, nikikizika chuo changu.

Wakati wa kahawa nikamvuta pembeni. Kwa nini? Hakuona hata haya. Akasema wazee wa bangweni wana watoto wao, na anayegawa nafasi ndiye mtu. Chuo kikiwa pale nyumbani ataingia kila mtoto wa mkulima, halafu sisi nani atatuamkia? Na wewe, akasema, usijali, tutakutafutia ukatibu.

Ukatibu! Ulimi ule umenunuliwa kwa bangili za mama yangu. Nililia chooni, nikanawa, nikarudi kitini.

Mwisho kabisa yule mama wa Kiswidi akaacha kumtazama Mhadji, akanigeukia. Akasema michoro hii ina majina mawili. Wewe ndiye mwalimu wa hesabu. Unaonaje?

Mhadji akauliza, anasema nini? Nikamwambia: ananiuliza maoni yangu.

Akacheka kidogo. "Mwambie huna la kusema."

Nikamgeukia yule mama. Nikamwambia kwa Kiswidi, polepole, kwamba ninalo la kusema, ni refu, naomba niliseme kesho asubuhi.

Akaandika. Akaitikia kwa kichwa.

"Umemwambia?" Mhadji akauliza.

"Nimemwambia."

Akanipiga begani, akaridhika. Kesho saa tatu, akasema, usichelewe, na ujitande shiromani ya kwetu, wanapenda kupiga picha.

Shiromani nimeshaipiga pasi. Ya mama.