Bembea ya Ufukweni Jeddah

Mjukuu wangu Rehema,

Hatujambo. Babu yako amepona mguu, sasa analalamikia chai tu.

Umeuliza kama ni adabu kupanda ile bembea kubwa ya duara ufukweni, madamu wako wa huko Jeddah akikualika. Nilipofanya kazi Jeddah ujanani, nilikuwa nikibaki chini na mizigo. Siku moja mama yake madamu wangu aliogopa kupanda peke yake, akaniita.

"Yalla, binti, twende! Nikifa, nife na mtu."

Kule juu alifumbua macho, akacheka.

"Hapo tulipopandia palikuwa bahari. Niliumwa na kaa hapo utotoni, kabla hawajaifukia kwa mchanga."

Tuliposhuka hakuniachia mkono. Alimwambia bintiye, madamu wangu, "Mtatungoja. Sisi tunarudi juu."

Ukialikwa, panda. Funga mtandio vizuri. Kule juu kuna upepo.

Bibi yako,
Mwanaisha