Vigelegele vya Mikono

Shikamoo Bibi,

Upepo wa Dodoma umenijaza vumbi hadi kwenye nywele, ila zabibu za Makutupora ni tamu, nakuletea.

Jana chuo kilituita wahitimu wa zamani kutupongeza, mimi nikiwemo kwa kuwafundisha hesabu watoto viziwi. Kila aliyetajwa, ndugu zake walipiga vigelegele. Mimi sikuwa na mtu. Nikawaza vigelegele vyako vinavyojulikana mtaa mzima, nikaomba wasifike kwenye jina langu. Wakafika. Ukumbi kimya!

Mara dada mmoja akasimama kule nyuma, akainua mikono juu na kuitikisa. Ndivyo viziwi wanavyopiga makofi. Kumbe ni Neema, niliyemfundisha kujumlisha, sasa naye anasoma chuo hiki hiki! Mkalimani wake wa lugha ya alama akawaeleza watu, basi ukumbi mzima ukainua mikono, hadi wapishi wa pilau na miiko yao. Nililia, Bibi, hata ngazi za jukwaa sikuziona.

Uliuguze hilo goti lililokuzuia kusafiri, mwakani tuje wote. Mikono ile ilikaimu nafasi yako tu.

Mjukuu wako,
Asha