Babu wa Shoka, Babu wa Mwiko

Jumapili, 27 Aprili

Karamu ya posa ya binti yangu Roese imekwisha. Na mimi, Anketil, kabaila wa Brevana, msimamizi wa meza ya Mtawala wa Normandia, nilikuwa simba wa karamu. Simba mlevi, lakini simba!

Aliyenichokoza ni Unfrei, jirani yangu. Kila Pentekoste mimi ndiye ninayebeba sahani ya kwanza mbele ya Mtawala, kama baba yangu na babu yangu, na Unfrei anaitamani kazi hiyo kama paka anavyotamani samaki. Akasema kwa sauti ya kusikika: ati sahani ya Mtawala inataka damu, si mabega tu.

Damu? Nikapanda juu ya benchi. Nikawaambia mimi ni wa uzao wa Torkil Shoka-Refu, nahodha aliyekuja na meli za kwanza kutoka kaskazini. Nilianza na meli zake tatu. Nilipofika mwisho wa kikombe alikuwa na thelathini.

Bibi Mabilia, nyanya yake bwana harusi, akapiga makofi. "Torkil? Torkil ni wetu sisi! Karibu nyumbani, mjukuu wangu!" Tukakumbatiana, ukumbi mzima ukashangilia. Ni Shemasi Mkuu Hamelin peke yake aliyeacha kutafuna. Sijui kwa nini. Samaki yule wa mkunga alikuwa mtamu kweli.

Jumatatu, 28 Aprili

Sasa najua kwa nini.

Kichwa kinagonga kama karakana ya mhunzi. Shemasi Mkuu kanijia asubuhi, kala kifungua kinywa changu chote, ndipo akauliza: kutoka kwa Torkil hadi kwako, vizazi vingapi? Nikasema vitano, na kifua mbele! Akauliza na Serlo, bwana harusi? Sita, kwa hesabu ya nyanya yake. Akakunja vidole vyake vinene kimoja kimoja.

"Basi Roese na Serlo ni ndugu. Kanisa linakataza hadi kizazi cha saba. Ndoa hakuna."

"Baba Shemasi, nilikuwa nimelewa!"

"Ulevi haupunguzi vizazi, mwanangu."

Kwa hiyo nimeivunja ndoa ya mwanangu kwa mdomo, nikiwa juu ya benchi. Wengine huhitaji jeshi.

Roese huwa anapiga kelele kwa mambo madogo — kuku, viatu, mdogo wake. Leo sivyo. Ameketi dirishani na shuka alizokuwa anashonea nyumba yake mpya, na hashoni.

Alhamisi, 1 Mei

Mke wangu Hadvisa kaniita chumbani, kafunga mlango. Mlango ukifungwa hivyo, hata mbwa huondoka.

"Baba Roese, nyanya yako marehemu aliniambia habari zote. Torkil hakuacha mtoto kwenu. Aliyeacha mtoto ni Grimo."

Ah, Grimo. Ukoo mzima tunajua na hakuna anayemtaja. Grimo alikuwa mpika uji katika meli ya Torkil. Siku walipogawana ardhi Torkil akampa Brevana, kwa kuwa katika safari yote ile hakuunguza sufuria hata mara moja. Babu yangu ndiye aliyechora shoka kwenye ngao. Kwa haki angechora mwiko.

Hadvisa ameshaulizia kwa Shemasi Mkuu. Niape kanisani mbele ya masalia ya mtakatifu kwamba mimi ni wa Grimo. Lakini kiapo cha ukoo hakisimami kwa mtu mmoja. Ndugu wa damu hiyo lazima aape pamoja nami.

"Na sahani yangu?" nikauliza. "Nani atamwachia mjukuu wa mpika uji abebe sahani ya Mtawala? Unfrei ataichukua kabla uji haujapoa!"

"Chagua. Sahani au mtoto."

Nikauliza kama sahani ni ile ya fedha. Hakucheka.

Jamani, nilishachagua. Nilikuwa natafuta tu namna ya kuchagua isiyouma.

Jumanne, 6 Mei

Nimezunguka kwa ndugu zangu wote. Kabaila mkubwa kama mimi, napiga hodi kuomba watu wawe wajukuu wa mpishi! Mmoja ghafla ana homa. Mwingine kaenda kuhiji, na viatu vyake viko mlangoni.

Nimemalizia kwa binamu Turold. Yeye kachonga shoka la mawe juu ya lango, kubwa kuliko lango lenyewe.

"Binamu, uje uape nami kwamba sisi ni wa Grimo."

"Grimo yupi?"

"Turold!"

"Simjui. Wewe ukitaka kuwa wa jikoni, nenda. Mimi ni wa Torkil."

"Torkil gani, na wewe ukiona mashua unatapika?"

Watumishi wakacheka. Kosa. Mtu mkaidi ukimfanya kichekesho mbele ya watumishi wake, unampigilia misumari. Akanionyesha njia. Nikamwambia Roese alikaa magotini pake akiwa mdogo, akamng'oa ndevu. Akazishika ndevu zake. Kisha akanionyesha njia tena.

Ijumaa, 9 Mei

Serlo kaja kwa miguu, farasi wake kachechemea. Kijana mwembamba, masikio kama mabawa. "Baba, hata ukiwa mjukuu wa punda, mimi namtaka Roese." Nimemkumbatia hadi akakohoa. Hakuruhusiwa kumwona. Roese alimwona kwa juu ya ngazi, nikajifanya natafuta kitu sakafuni.

Habari zimemfikia Unfrei. Kanitumia bakuli la uji wa shayiri, limefunikwa kwa kitambaa cha hariri. Hadvisa alitaka kulitupa kwa nguruwe.

Nimekula. Ulipungua chumvi. Damu yangu iliona mara moja.

Jumamosi, 17 Mei

Naandika nyuma ya kanisa, nimekalia jiwe, vipande vya ngozi ya kuandikia juu ya goti. Nimeomba ruhusa ya kwenda haja. Watawa walinifunza kuandika, kaka yangu akaanguka na farasi akafa, nikarudishwa nyumbani kuwa kabaila, na elimu yangu yote leo imekuja kukojoa.

Nimeshasema. Mbele ya wote, Unfrei akiwa mstari wa mbele na kofia mpya: "Mimi ni wa Grimo, mpika uji." Kanisa lilicheka hadi njiwa wakaruka darini. Sahani imekwenda hiyo. Nilidhani nitakufa. Sikufa. Njaa tu, maana mwapaji hali kitu hadi kiapo kiishe.

Kisha Shemasi Mkuu akauliza: "Nani anasimama na Anketil?"

Mtu mmoja alikohoa, nikageuka. Kumbe kikohozi tu.

Kanipa muda hadi kengele ilie. Bila ndugu, kiapo changu ni upepo, na Roese harusi hana. Nimeitoa heshima yangu bure. Roese alinishika mkono pale madhabahuni. Mkono wake baridi.

Farasi! Anakuja mtu. Farasi mnene chini ya mtu mnene. Turold! Kateremka kama gunia. Hanioni.

Kaja kuapa au kaja kucheka? Anayeapa huacha upanga mlangoni. Mtazamaji huingia nao.

Anapapasa mkanda wa upanga. Anaufungua! — au ni tumbo tu limechoka na safari? Anahema. Roese katoka mlangoni, kasimama, hamsalimii, anaitazama mikono ya Turold tu. Turold naye anamtazama Roese, kashika ndevu zake.

Kengele inaanza. Mkanda bado uko mkononi mwake na upanga unaning'inia. Naacha kalamu, naingia.